Thomas Midgley: Mtu aliyetupa gesi ya friji

Joto la Muscat la mwezi wa sita halina haja ya kuelezwa kwa wasomaji wa ukurasa huu. Kutoka garini mpaka mlangoni ni hatua ishirini tu, na shati limesharowa. Ukishaingia ndani, kiyoyozi kinavuma, maji ya baridi yapo, samaki wa wiki nzima wameganda kwenye friza. Tunaishi hivyo asubuhi mpaka usiku, na hakuna anayeuliza baridi hii ilitoka kwa nani.

Mimi nimefundisha sayansi kwa miaka mingi kule Mombasa kabla ya kustaafu na kuja kukaa na wanangu huku. Vijana wakiniuliza ni mwanasayansi gani aliyebadilisha maisha ya watu wa Ghuba kuliko wengine, jibu langu huwashangaza. Siwatajii Einstein. Nawatajia Mmarekani mmoja aliyefariki mwaka 1944, jina lake Thomas Midgley. Wengi hawajapata kumsikia, hali wanakaa na kazi yake chumbani.

Nimeona nimsimulie leo kwa sababu kuna jambo linaendelea hivi sasa, huku Ghuba na kule kwetu pwani, jambo la kubadilisha gesi za friji na viyoyozi. Wengine wanadhani ni njama ya makampuni ya kutuuzia mashine mpya. Ukimjua bwana huyu utaelewa kwa nini gesi zinabadilishwa, na kwa nini inatupasa kuwa macho safari hii.

Kijana wa mitambo

Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika mji mdogo wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, akakulia Columbus, Ohio. Baba yake naye alikuwa mvumbuzi, akishughulika na matairi, kwa hivyo mtoto alikulia kwenye nyumba ambayo kujaribu vitu lilikuwa jambo la kawaida. Alisoma Chuo Kikuu cha Cornell, akamaliza mwaka 1911. Hapa naomba msomaji ashike jambo moja: alichosomea ni uhandisi wa mitambo, si kemia. Kemia alijifunza kazini, kwa kusoma na kujaribu.

Mwaka 1916 akaajiriwa mjini Dayton kwenye maabara ya Charles Kettering, bwana aliyekuwa na jina kubwa tayari kwa kutengeneza stata ya umeme ya gari. Maabara ile baadaye ikawa sehemu ya kampuni ya General Motors. Kettering akampa kazi ngumu. Injini za magari za siku zile zilikuwa zikigonga, kwa sababu petroli ilikuwa ikiwaka ovyo ndani ya silinda. Midgley atafute kitu cha kutia kwenye petroli ili ule mgongo wa injini uishe.

Alijaribu vitu vingi kupita kiasi. Iodini ilisaidia, lakini ni ghali na inaharibu injini. Aliendelea miaka mitano, mpaka Desemba 1921 akapata mchanganyiko wenye madini ya risasi ndani yake. Kijiko kidogo tu, injini ikanyamaza. Februari 1923 petroli ile ikaanza kuuzwa Dayton.

Shida ni kwamba risasi ni sumu, na jambo hilo lilijulikana toka zamani. Midgley mwenyewe aliugua kwa sumu ile, mwaka 1923 ikabidi aende Florida kupumzika. Mwaka uliofuata, wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walikufa baada ya kurukwa na akili kwa mvuke wake, na viwanda vingine navyo vilikuwa na misiba yao. Tarehe 30 Oktoba 1924 Midgley akaitwa mbele ya waandishi wa habari. Akajimiminia dawa ile mikononi, akainusa muda wa dakika nzima, kuwaonesha kwamba haina neno. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akijua zaidi kuliko wote waliokuwa mle ukumbini.

Walijua pia kwamba pombe ya ethanoli ingeweza kutuliza injini. Lakini ethanoli ni kitu kinachojulikana na kila mtu, hakuna awezaye kukiandikisha kuwa chake. Hili nalo tuliweke akiba, tutalirudia.

Petroli ya risasi ikaenea duniani kote, na moshi wake ukaingia kwenye damu za watoto. Risasi hudhoofisha akili ya mtoto, hata ikiwa kidogo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa mwaka 2006. Nchi ya mwisho kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Ni karibu miaka mia toka ile siku ya kwanza Dayton.

Friji zilizoua watu

Sasa tuje kwenye baridi. Wazee wetu walikuwa wakipoza maji kwenye mtungi wa udongo. Maji yanapenya kidogo kidogo kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na yanapokauka yanaondoka na joto la mtungi. Friji inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ndani ya mabomba yake kuna kitu kinachochemka kwa urahisi hata kwenye baridi. Kikichemka ndani ya friji kinafyonza joto la chakula. Kompresa inakibana, kinageuka tena kuwa maji maji, na lile joto linatupwa nje kwa nyuma. Ndiyo maana mgongo wa friji huwa wa moto.

Basi kila kitu kinategemea hicho kilichomo ndani ya mabomba. Miaka ya 1920 walikuwa wakitumia amonia, au gesi ya salfa, au methili kloraidi. Amonia inachoma macho na kifua. Gesi ya salfa inakaba koo. Lakini hizo mbili angalau zinanuka vibaya, mtu atakimbia. Methili kloraidi harufu yake ni ndogo, ikivuja usiku mtu aliyelala huenda asiamke. Familia zilikuwa zikikutwa zimekufa vitandani, na kuna watu walioamua kuiweka friji uani badala ya jikoni. Hata Einstein, yeye na mwenzake Leo Szilard, walitengeneza friji isiyokuwa na kompresa ya kuvuja, wakapata hati yake Marekani mwaka 1930, ingawa haikupata soko.

General Motors walikuwa wakimiliki kampuni ya friji ya Frigidaire, na wakaona biashara yao haitaingia kila nyumba ikiwa watu wanaogopa kufa. Mwaka 1928 Kettering akamwita tena Midgley: tafuta gesi isiyokuwa na sumu wala isiyoshika moto.

Siku tatu na chupa moja

Midgley akakaa na wenzake, Albert Henne na Robert MacNary, wakafungua jedwali la elementi, lile lile ambalo sisi walimu tunalibandika ukutani. Akaangalia upande wa kulia. Akaona kwamba ukienda kulia, kuwaka moto kunapungua, na ukipanda juu, sumu inapungua. Njia hizo mbili zinakutana kwenye florini. Kila mwanakemia alikuwa akiikimbia florini, kwani ikiwa peke yake ni kali ajabu. Yeye akafikiri kinyume: ikishikana na kaboni, itashikana kwa nguvu kiasi kwamba haitamdhuru mtu. Inasimuliwa kwamba toka walipopewa kazi mpaka kuipata gesi yenyewe zilipita siku tatu tu.

Kuitengeneza walihitaji chumvi ya antimoni na florini, nayo ilikuwa adimu. Walipata chupa tano ndogo. Wakachukua moja, wakatengeneza gesi, wakaiweka pamoja na simbilisi, kile kijinyama kama sungura mdogo, ndani ya chombo. Simbilisi akakaa kama hana habari. Wakachukua chupa ya pili, wakatengeneza tena. Safari hii simbilisi akafa. Walipochunguza wakakuta zile chupa nyingine zote zilikuwa chafu, na uchafu ule ulizaa fosjini, gesi iliyoua askari kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Chupa safi ilikuwa moja tu, na ndiyo waliyoanza nayo. Lau wangeanza na mojawapo ya zile nne, huenda wangeiacha kazi ile palepale, na dunia ingefuata njia nyingine ya kupata baridi.

Aprili 1930, kwenye mkutano wa wanakemia mjini Atlanta, Midgley alivuta gesi yake mpya akajaza kifua, kisha akaipuliza polepole juu ya mshumaa uliokuwa ukiwaka. Mshumaa ukazimika, na yeye akabaki amesimama. Ameonesha mambo mawili kwa pumzi moja: haina sumu na haishiki moto. Mwaka huo huo General Motors na DuPont wakaunda kampuni ya kuitengeneza, wakaiita Freon. Mafundi wetu wanaijua zaidi kwa namba yake, R-12.

Nataka niseme haki hapa. Bwana huyu aliokoa watu wengi. Friji ikaingia jikoni bila hofu. Dawa na chanjo zikahifadhiwa hospitali. Viyoyozi vikatoka viwandani vikaingia majumbani, na miji ambayo leo tunaishi, Muscat, Dubai, Doha, Kuwait, isingekuwa na sura hii bila gesi alizozianzisha yeye. Watu wakimtaja kwa ubaya peke yake huwa wanakaa chini ya kiyoyozi wakati wanaandika.

Lakini tazama alichopima. Alipima je, ikivuja jikoni itamuua mtu? Je, itawaka? Hakupima ikishatoka dirishani inakwenda wapi. Siku zile hakuna aliyekuwa akilipima hilo, na hakuna aliyemuuliza.

Kamba na kapi

Heshima zilimjia Midgley kwa wingi. Alipata hati za uvumbuzi zaidi ya 100, akapewa medali kubwa za kemia za Marekani, miongoni mwao ile ya Priestley mwaka 1941, na akachaguliwa rais wa chama cha wanakemia wa nchi yake. Mhandisi wa mitambo huyo, ambaye kemia hakuisomea.

Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 51, akapatwa na polio, miguu ikapooza. Kwa tabia yake hakukubali kukaa tu. Akajitengenezea mtambo wa kamba na kapi wa kumwinua kutoka kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944 akakutwa amekufa nyumbani kwake Worthington, Ohio, kamba zile zimemnyonga. Alikuwa na miaka 55. Alizikwa akiwa mtu wa sifa, na hakujua lolote juu ya yale yaliyokuja baadaye.

Yaliyokuwa juu

Ilipita miaka thelathini. Mwaka 1974, wanasayansi wawili huko California, Mario Molina na Sherwood Rowland, wakauliza lile swali lililokuwa halijaulizwa: gesi hizi zikishavuja zinakwenda wapi? Jibu likawa ni lile lile lililoifanya Freon isifiwe. Kwa kuwa haiungani na kitu chochote, hakuna cha kuiondoa hewani. Mvua haiioshi, udongo hauinywi. R-12 inakaa angani karibu miaka mia. Inapanda taratibu mpaka juu kabisa, huko inapigwa na miale mikali ya jua, inavunjika, na klorini iliyomo inaachiwa huru. Klorini ile inakula ozoni, na chembe moja yake inaharibu maelfu ya chembe za ozoni kabla ya kutulizwa. Ozoni ndiyo mwavuli wetu. Ikipungua, miale ya jua inafika chini na kuleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na mazao nayo yanaumia.

Makampuni yalibisha kwa miaka. Kisha mwaka 1985 Waingereza watatu waliokuwa wakipima hewa ya Antaktika, Farman, Gardiner na Shanklin, wakatangaza kwamba ozoni ya huko inapungua vibaya kila mwezi wa kumi. Huo ndio ule ulioitwa mwisho tundu la ozoni.

Kuna mtu hapa ambaye sisi Waarabu wa pwani tungepaswa kumjua zaidi. Mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Nairobi, alikuwa Mmisri, Dokta Mostafa Tolba, mtaalamu wa elimu ya mimea. Alilisimamia shirika lile toka 1975 mpaka 1992. Ni yeye aliyewakalisha mezani matajiri na maskini, wenye viwanda na wasiokuwa navyo, mpaka Mkataba wa Montreal ukatiwa saini tarehe 16 Septemba 1987. Kwa hivyo gesi iliyozaliwa Ohio ilianza kuzikwa kwa juhudi za Mwarabu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi.

Nchi zinazoendelea zilipewa muda zaidi, na mwaka 1990 ukaundwa mfuko wa kuzisaidia viwanda vyao vibadilike. Tarehe 1 Januari 2010 gesi za aina ya R-12 zikasimamishwa kutengenezwa duniani. Na mwavuli unaanza kuziba. Wataalamu wanatarajia sehemu kubwa ya dunia itarudi kwenye hali ya mwaka 1980 ifikapo karibu 2040, na Antaktika karibu 2066. Hili ni miongoni mwa mambo machache ambayo wanadamu wamekubaliana na wakatekeleza.

Mara ya pili tuko pale pale

Lakini kisa hakikuishia hapo. Kuiondoa R-12, viwanda vilileta gesi nyingine za ukoo huo huo. R-22 ya kwenye viyoyozi ina klorini kidogo. R-134a ya friji na R-410A ya viyoyozi hazina klorini kabisa, haziigusi ozoni. Watu wakashusha pumzi. Kumbe gesi hizi zinafanya kazi nyingine: zinashika joto la dunia kama blanketi. Kilo moja ya R-134a ikivuja ni sawa na kutoa kilo 1,400 hivi za hewa ya ukaa. R-22 ni kama kilo 1,800, na R-410A ni zaidi ya 2,000. Ile R-12 ya Midgley yenyewe ilikuwa inakaribia 11,000. Yaani tunapoza chumba, tunalipasha joto jangwa la nje, kisha tunahitaji kiyoyozi kikubwa zaidi.

Ndiyo maana mwezi wa kumi mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali, Rwanda, wakaongeza sehemu mpya kwenye Mkataba wa Montreal. Nchi nyingi zinazoendelea, zetu za Afrika zikiwemo, zimepangiwa kusimamisha ongezeko la gesi hizi kuanzia 2024. Nchi za Ghuba, pamoja na India, Pakistan, Iran na Iraq, zimepewa mpaka 2028, na joto la huku ni miongoni mwa sababu. Na R-22 iko kwenye mkondo wake wa kumalizika: nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimepunguza asilimia 67.5 mwaka 2025, na kuachana nayo 2030, ila kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo.

Mbadala ni nini? Hapa ndipo historia inapogeuka. Gesi zinazokuja si mpya, ni zile za zamani zilizokuwepo kabla ya Midgley. Isobutani, inayoandikwa R-600a, na propani, inayoandikwa R-290, ni ndugu wa gesi ya kupikia. Amonia bado inatumika kwenye viwanda vikubwa vya barafu na maghala ya samaki, haikuwahi kuondoka. Mimi nilisoma sekondari ya wamisheni, na mapadre walikuwa na friji ya mafuta ya taa. Sisi wanafunzi tulikuwa tukienda kuichungulia, kwani ilitushinda akili moto uwake chini na barafu igande juu. Ndani yake ilikuwa amonia. Haikuwa na kompresa wala Freon, na ilidumu.

Gesi hizi haziharibu ozoni, na kilo moja ya propani au isobutani ikivuja haifiki hata kidogo kwenye zile namba za juu. Wataalamu huihesabu kwa kilo chache tu za hewa ya ukaa. Amonia haina kabisa. Na kama ile ethanoli ya mwaka 1921, ni vitu vya asili, hakuna kampuni inayoweza kusema propani ni yake. Msomaji ajiulize kama hilo halikuchangia kuchelewa kwake.

Friji za isobutani zilianza kutengenezwa kwa wingi Ujerumani mwaka 1993. Leo sehemu kubwa ya friji mpya za nyumbani duniani zina gesi hii. Na si kwa matajiri tu. Eswatini, nchi ndogo kabisa, ina kiwanda cha friji kule Matsapha kilichohamia gesi hizi na kuuza nchi za jirani. India wanatengeneza viyoyozi vya propani. Kwa hivyo asije mtu akatuambia ati teknolojia hii si ya watu wa hali yetu.

Hofu ya moto

Najua swali litakalofuata: hii si inawaka? Naam, inawaka. Ndicho kitu hasa alichokikimbia Midgley. Lakini tupime kwa akili. Friji ya nyumbani ya isobutani kwa kawaida huwa na gesi isiyofika gramu 100. Mtungi wa gesi ya kupikia uliomo jikoni kwa mama zetu Mombasa na Unguja una kilo 6 au zaidi, na tunalala nao nyumba moja.

Hatari kubwa iko kwa fundi. Anayechomea bomba kwa moto bila kutoa gesi kwanza na kufungua madirisha atajiunguza. Na anayechukua kiyoyozi cha R-22 akakitia propani kwa kuwa ni rahisi, anacheza na roho za watu, kwani mashine ile haikutengenezwa kwa gesi inayowaka. Nyaya na swichi zake zinaweza kutoa cheche. Kwa hivyo kinachotakiwa nchi zetu kabla ya kitu kingine ni mafundi waliofunzwa na kupewa cheti. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani ana karakana ya friji. Ananiambia vijana wengi mitaani walijifunza kwa kuangalia tu, na gesi ya zamani wanaiachia hewani kwa kufungua bomba, kwa sababu chombo cha kuikusanya ni ghali na mteja hataki kulipia. Sauti ile ya gesi ikitoka tumeisikia wote. Hakuna aliyeumia mle chumbani, basi kazi inaonekana imekwisha salama. Ndivyo alivyopima Midgley mwaka 1930.

Na sisi huku tuna sehemu yetu. Familia za Ghuba ndio wanaojaza makontena kwenda nyumbani. Tunabadilisha friji na viyoyozi hapa, vile vya zamani tunavipeleka kwa ndugu, na nia ni njema. Lakini kiyoyozi cha zamani cha R-22 ukikipeleka Tanga au Lamu, umempelekea ndugu yako chombo kinachokula umeme, na gesi yake inazidi kuadimika na kupanda bei kila mwaka. Kikiharibika, kitavujisha kilichobaki, na yeye hana pa kukitupa. Umempunguzia gharama mwezi mmoja, ukamwachia deni la miaka.

Kwa hivyo kabla ya kufunga kontena, geuza chombo usome kibandiko cha nyuma au cha ubavuni. Friji yenye R-600a ipeleke kwa moyo mkunjufu. Yenye R-134a, fikiria umri wake na umeme inaokula. Yenye R-12, usiipeleke popote, tafuta mahali wanapokusanya gesi hapo ulipo. Kiyoyozi ukinunua kipya, uliza kama kipo cha R-290 chenye fundi wa kukihudumia kule kinakokwenda. Kama hakipo, R-32 ni nafuu kuliko R-410A, kwani uzito wake kwa dunia ni kama theluthi moja, ingawa nayo ni ya kupita tu, na yenyewe huwaka kidogo. Na mwulize wakala wako wa forodha mapema, kwani nchi zina utaratibu wa leseni kwa gesi hizi na mzigo unaweza kukwama bandarini.

Fundi akija kutia gesi nyumbani, mwulize mambo mawili kabla hajafungua begi. Ile iliyomo anaitoa wapi, na bomba linavuja wapi. Kutia gesi kwenye bomba linalovuja ni kumimina maji kwenye mtungi uliotoboka, na mwakani utamwita tena. Mwambie azibe kwanza.

Midgley alikuwa na akili kubwa kuliko wengi wetu, na aliulizwa swali moja akalijibu vizuri sana. Sisi tunajua swali la pili, na majibu yake yameandikwa kwenye kibandiko nyuma ya friji.